Majani Yaliyofunika Miguu

Foto ilikuwa mezani, na Inspekta Émilienne ameinama juu yake kama mwanamuke anayechagua mawe ndani ya maharage. Hapo haraka haifai. Jiwe moja likipita, jino la muntu linavunjika.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu foto hiyo imufunge Alphonse ndani ya kasho ya polisi ya Baraka. Alphonse alikuwa motari, alibeba bantu na mizigo kwa pikipiki yake nyekundu, Baraka na Mboko, Mboko na Baraka. Jumatatu moja asubuhi Gisaro, mufugaji aliyekimbia Bibokoboko na muke na batoto, alimutuma binti yake Gatesi, mutoto wa miaka tisa, kwa shangazi yake kule Mboko. Alifanya vile tunavyofanya sisi wote: unamupandisha mutoto juu ya pikipiki ya motari unayemujua sura, unamuambia "umufikishe kwa shangazi yake," unarudi kwa kazi. Jina la baba yake hulijui. Nyumba yake huijui. Unajua sura tu, na sura inatosha mpaka siku inapokataa kutosha.

Gatesi hakufika.

Alphonse alisema: sikumubeba. Bamotari batatu ba kituo chake balisema: aliondoka na gunia la chumvi, basi. Gisaro alisema: mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilimupandisha. Neno moja mbele ya maneno manne. Mukubwa wa parke, wale bantu ba sheria benye kuamua nani afungwe, alijibu kwa simu kwamba polisi iko na siku mbili tu za kumushika. Kama hakuna kingine, muntu atoke. Na asubuhi ile ile ya kumutoa, foto ikaingia ndani ya simu ya Mukarurangwa, mama ya mutoto. Ilitoka kwa namba isiyojulikana, na tangu hapo namba hiyo haikuita tena. Ndani ya foto Gatesi alisimama amevaa robe nyeupe kando ya pikipiki ya Alphonse, ile ile, yenye kitambaa cha kijani kwenye usukani. Nyuma yao, vichanja vya samaki vya Mboko, na bamama bameinama kuanika.

Parke ikasema: akae.

Mama ya mutoto alicheka siku hiyo, akalia, akapika. "Iko muzima," alisema kwa kila muntu aliyepita. Na polisi babili balitumwa Mboko kuuliza nyumba kwa nyumba.

"Jacques," Émilienne alimuita polisi aliyeshika dosie, "ile siku mutoto alivaa nini?"

Jacques alifunua karatasi. "Pulovere ya njano na kikwembe. Mama yake njo alisema."

"Na hapa?"

"Robe nyeupe. Labda balimubadilisha."

"Labda. Hawa bamama ya samaki, kivuli yabo inaenda wapi?"

"Upande ya mulima. Ni asubuhi."

"Ya pikipiki?"

"Upande ya ziwa."

"Ya mutoto?"

Jacques aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. "Haiko. Mama Inspekta, kule Mboko jua ziko ngapi?"

"Usicheke. Angalia miguu."

Miguu ya Gatesi haikuonekana. Mbele yake yalisimama majani, fungu moja, marefu mpaka nusu ya mashavu ya miguu. Fungu lingine lilificha chini ya gurudumu. La tatu lilikuwa peke yake kando, kama lililoanguka kwa bahati mbaya. Émilienne aliweka kidole juu ya la kwanza. Jani la katikati lilivunjika na kuangukia kushoto, na chini yake ua dogo la njano. Akaweka kidole juu ya la pili. Jani la katikati lilivunjika, likaangukia kushoto, na ua la njano chini yake. La tatu lilikuwa dogo zaidi, limegeuzwa kama ndani ya kioo, lakini jani lilivunjika pale pale.

"Kwa shamba yako, majani yote inavunjikaka fasi moja?"

Jacques alivuta kiti. Akakaa.

"Hii majani mi nilishaiona," Émilienne alisema. "Ndani ya foto moja kwa ukuta ya Mama Gatesi, siku nilienda kuandika maneno yake. Bibi muzee mumoja alisimama ndani yake, na chini kuliandikwa Studio Zénon. Leta kofia."

*

Studio ya Zénon ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, ukuta mumoja umepakwa buluu, mabati yakilia kwa joto. Zénon alikimbia Burundi, akaingia kambini, na kazi ya foto ndiyo iliyomutoa kambini kila asubuhi. Alikuwa mbele ya ordinatere yake, ile kompyuta ya kazi, shati limeshikana na mugongo. Nyuma ya mulango, kwa musumari, kulining'inia koti ya bwana arusi, tai mbili, na robe nyeupe ya mutoto.

Émilienne aliiangalia robe, halafu akaanza kutembea kando ya ukuta wa foto. Hakuangalia nyuso hata moja. Aliangalia chini.

"Mama, unatafuta foto ama unatafuta viatu?" Zénon alimutania.

"Natafuta benye habana viatu. Hawa bote, kwa nini banasimama ndani ya majani?"

"Aa, hao. Hao njo benye habakuwapo."

"Eleza vizuri."

Zénon alifurahi kuulizwa. Fundi yeyote anafurahi. "Mama, angalia bantu ya hapa. Baba iko Minembwe, dada iko kambini, kaka alishakufa kwa vita. Lakini jamaa inataka foto ya bote pamoja, ya kuweka kwa ukuta. Sasa mi nafanya nini? Nachukua kila muntu kwa foto yake ya zamani, namukata pembeni, namuweka ndani ya programu kama tampo. Unajua ile muhuri ya bureau? Unachovya, unabonyeza, inaacha alama. Hii iko vile vile. Ila hii inaacha muntu."

"Na majani?"

"Miguu njo shida. Muntu alisimama kwa zulia, ukimuweka kwa udongo anaonekana anaelea kama malaika. Njo namubonyezea majani kwa miguu. Tampo ya majani niko nayo moja, ya muzuri sana."

"Naona. Na hapo unafanya nini?"

Zénon aligeuza kioo cha ordinatere. Kulikuwa na mulima wa kijani, mutupu. "Ya muzee mumoja wa Bibokoboko. Ng'ombe zake, bantu ya vita balizipeleka zote. Anataka kuziona." Alikokota kipanya juu ya meza, na ndani ya kioo ng'ombe zikatoka, moja, tatu, tisa, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zimegeukia huku, pembe ndefu zote. Alipoinua kidole, mulima ulijaa. "Ng'ombe ni moja tu, mama. Programu njo inaigeuza geuza, ili muntu asitambue."

"Muzee hatambui?"

"Anatambua. Analia, ananipa mukono, anaenda kuitundika."

Émilienne alitoa foto ndani ya dosie, akaiweka juu ya meza, mbele ya mulima wenye ng'ombe.

Zénon aliachia kipanya. Kidole chake kilikwenda kwa shingo, kikarudi.

"Ile majani bengine pia biko nayo," alisema. "Kuna mwenye studio ingine alinilomba, nikamupa. Banaiga sana, hapa Baraka."

"Robe pia ulimupa?"

Zénon aligeuka kuangalia musumari, na kwa kugeuka alikuwa amejibu.

"Fungua," Émilienne alisema.

"Mama Inspekta..."

"Fungua, Zénon. Muntu analala ndani ya kasho sababu ya hii karatasi."

Alifungua. Foto ilitokea yote, na kando yake orodha ndogo, kama ngazi, ya vitu vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Émilienne alisoma tarehe: Alhamisi, saa kumi za mangaribi. Siku tatu baada ya mutoto kupotea. Siku moja kabla ya foto kuingia kwa simu ya mama.

"Sasa ondoa moja moja."

Zénon alibonyeza. Majani yakapotea, na miguu ya Gatesi ikaonekana, na viatu vya studio, na kipande cha zulia jekundu kilichobaki chini ya kisigino. Alibonyeza tena. Pikipiki ikapotea. Alisita.

"Endelea."

Alibonyeza, na mutoto hakuwepo. Wakabaki bamama ya samaki, migongo imeinama juu ya vichanja, na udongo mukavu mahali hakuna muntu aliyesimama.

Jacques, mulangoni, alivua kofia bila kujua.

"Nani alikulomba?"

"Baba yake."

"Gisaro?"

"Gisaro. Tampo ya mutoto niliitengeneza wakati ya Noeli. Alikuja naye, nikamuvalisha ile robe, ili nimuweke pamoja na ule bibi yake muzee mwenye alibakia kule Bibokoboko. Safari hii alikuja peke yake. Alisema: Zénon, nataka nimuone amefika. Mi nikafikiri ni kama zile zingine. Ya ukuta."

"Ulijua mutoto amepotea."

"Baraka yote ilijua, mama. Ungemukatalia? Muntu analia mbele yako, ungemukatalia?"

"Na pikipiki?"

"Alisema, weka na pikipiki ya ule mwenye alimupeleka. Alphonse alipigaka foto hapa na pikipiki yake. Tampo yake iko."

"Kwa nini Mboko? Yeye njo alisema uweke Mboko?"

Zénon alifikiri. "Hapana. Alisema weka fasi ya inje, penye jua. Picha ya nyuma yenye jua niko nayo ile moja tu."

Émilienne aliandika jibu hilo la mwisho, akapiga mustari chini yake mara mbili.

*

Mukarurangwa alimuona polisi toka mbali, akaacha mihogo aliyokuwa anamenya, akaja mbio na kisu mukononi.

"Mama Inspekta! Bamemuona?"

"Mama Gatesi, weka kisu chini. Baba Gatesi iko?"

Gisaro alikuwa nyuma ya nyumba, anatia mupini kwa jembe. Alimuona Émilienne, akaona foto mukononi mwake, akaweka jembe chini polepole kama kitu cha udongo. Muntu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote anajua kusoma mwendo wa kinachokuja.

"Nimetoka kwa Zénon," Émilienne alisema.

"Ndiyo."

"Amenifungulia. Majani, pikipiki, mutoto. Moja moja."

"Ndiyo," Gisaro alisema tena.

"Ile namba ilituma foto?"

Alitia mukono ndani ya kofia yake, akatoa kadi ya simu, akaiweka juu ya kiganja cha Inspekta. "Niliinunua kwa soko. Nikatuma, nikaitoa."

Mukarurangwa alikuwa amesimama kwa kona ya nyumba. "Amefungua nini?" aliuliza. "Baba Gatesi, Zénon amefungua nini?"

Gisaro hakumuangalia muke wake. Alimuambia Inspekta: "We mwenyewe ulinieleza. Ulisema, neno yako peke yake, siku mbili, anatoka. Nilikuambia nilimupandisha kwa mikono yangu. Nilimufunga kikwembe hapa kwa kiuno, upepo isimushike. Nilikuambia. Mukaandika. Na mukasema haitoshi. Njo nikafikiri: kama neno haitoshi, banataka kuona. Basi baone. Ile foto inasema kitu gani ya uongo? Alikuwa juu ya pikipiki yake. Mi niliona. Mbele yangu haikuwa na mwenye kupiga foto, basi."

"Sasa hata lile neno la kweli halina tena muntu wa kuliamini."

"Nilitaka abakie ndani mpaka aseme."

"Hakusema. Siku kumi na moja nimemuuliza, asubuhi na jioni. Alphonse alijua hakufika na mutoto kwa ile vichanja, na alijua foto ni uongo. Alikuwa anangojea mi niione." Émilienne alikunja dosie. "Na sisi, Baba Gatesi, unajua tulikuwa wapi siku kumi na moja?"

Gisaro alitikisa kichwa.

"Mboko. Nyumba kwa nyumba. Chini ya vichanja, ndani ya mitumbwi, makanisani. Ile njia yote ya katikati hatukuigusa. Mashamba ya mihogo, vijito, zile njia za kupanda mulimani. Polisi hata mumoja hakusimama njiani. Sababu foto ilisema mutoto alifika Mboko."

Kwanza Gisaro hakuelewa. Ilionekana kwa uso wake: alikuwa anatafuta Mboko ilitoka wapi. Halafu akaelewa. Akakaa chini, pale alipokuwa, juu ya vumbi, mikono imeanguka.

"Mi sikuweka Mboko," alisema. "Ile ilikuwa nyuma tu. Niliweka sababu ya yule muntu. Mi sikuweka fasi."

Émilienne alitia kadi ya simu ndani ya dosie.

Mukarurangwa alikuja, akachukua foto mukononi mwa Émilienne, akaiangalia kwa muda mrefu. "Robe niliijua siku ile ile," alisema. "Ni ya Zénon. Nilijua. Nikaambia roho yangu, pengine iko ingine kama hii. Pengine kuna mama mwema Mboko alimuvalisha." Alirudisha foto. "Mama Inspekta, uko na batoto?"

"Niko nao babili."

"Usiandike."

"Mama Gatesi."

"Usiandike. Unajua bwana yangu hasemi uongo. Unajua alimupandisha. Ukiandika, ule muntu anatoka, na yeye njo anajua fasi. Peke yake njo anajua. Acha foto ikae ndani ya dosie. Inakukulia chakula?"

Émilienne alirudisha foto ndani ya dosie. "Siku ya tribinali, wakili wake ataangalia kivuli kama mi niliangalia. Atatoka, na baba Gatesi ataingia. Nisipoandika, inachelewa tu."

"Basi ichelewe! Siku moja. Umuulize siku moja ingine."

"Nimemuuliza," Émilienne alisema. "Mama, nimemuuliza sana."

*

Aliandika. Maneno yalijaza karatasi mbili: kivuli, zulia, tarehe, kadi ya simu. Aliyasoma kwa simu, na sauti ya parke ilisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Halafu ikasema mambo mawili. Motari atoke. Baba aliyetengeneza ushahidi wa uongo aingie.

"Na lile neno lake la kwanza?" Émilienne aliuliza. "Kwamba alimupandisha?"

"Neno la nani?" sauti iliuliza. "La mwenye foto?"

Naye Émilienne akaomba jambo moja: polisi banne ba kupekua njia ya katikati. Sauti ikamuambia apange na abo aliokuwa nabo. Aliokuwa nabo balikuwa babili, na babili hao balikuwa bado njiani kutoka Mboko, kwa miguu.

Kasho ya Baraka iko na mulango mumoja. Jacques aliufungua, Alphonse akatoka akifunga vifungo vya shati, na Gisaro akabakia ukutani kumupisha. Kwa muda kidogo babili hao balikuwa uso kwa uso, hakuna hata hatua kati yao.

"Alphonse," Gisaro alisema kwa upole, kama muntu anayeuliza njia. "Siko na neno na weye. Sitasema kitu kwa muntu. Ulimushusha wapi?"

Alphonse alimaliza kifungo cha mwisho. "Chef," alimuambia Jacques, "ufunguo wangu ya pikipiki iko kwa nani?"

Mulango ulifungwa nyuma ya Gisaro. Jacques alizungusha ufunguo mara moja, akaujaribu, akazungusha tena.

Inje bamotari batatu balikuwa bamekuja na pikipiki nyekundu, bameipangusa mpaka inang'aa. Bengine balipiga makofi. Émilienne alimufuata Alphonse mpaka kwa gurudumu, mikono mitupu, bila dosie.

"Alphonse. Bila karatasi, bila kalamu. Mi na weye tu. Mutoto ulimuacha wapi?"

Alphonse alipanda, akatia ufunguo. Aliangalia bamotari benzake kwanza, kama muntu anayetaka asikiwe.

"Mama Inspekta," alisema, "uko na foto ingine?"

Balicheka. Pikipiki iliwaka, ikashika barabara ya Mboko, na vumbi lake likachukua muda kushuka.

Vumbi liliposhuka, Mukarurangwa alikuwa amesimama ng'ambo na sahani ya ugali iliyofunikwa, chakula cha bwana yake. Alivuka, akamupa Jacques sahani. Halafu akashika njia ile ile iliyoshikwa na pikipiki. Hakukimbia. Alipofika penye nyumba zinaisha na mihogo inaanza, aliacha barabara, akaingia shambani kwa upande wa mulima, akigawa majani kwa mikono miwili, akichungulia chini.

Halafu wakasikia akianza kuita jina la mutoto.

Jacques alimuangalia Émilienne, na sahani bado mukononi. "Tumurudishe?"

"Weka hiyo chakula ndani," Émilienne alisema. "Uje. Mi nitachukua upande ya ziwa."